Bibi Hapewi Ubeti: Wazee na Wajukuu katika Ushairi, Kutoka Pwani hadi Nyanda za Juu Kusini

Ushairi wa Kiswahili una desturi kongwe ya kuiingiza familia ndani ya beti, lakini desturi hiyo imezoea kufuata njia moja: mzazi husema, mwana husikiliza. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, hali ya kuwa ni mgonjwa, aliyeusiwa alikuwa binti yake. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliwausia wanawe katika tenzi za Adili na Hati. Kazi hizi ni miongoni mwa nguzo za fasihi yetu, na hakuna anayezisoma asione pendo lililomo. Hata hivyo, katika zote sauti hushuka ngazi moja tu, kutoka kwa mama au baba hadi kwa mtoto. Bibi na babu hawana kiti katika barza hiyo. Na mtoto naye, ambaye ndiye sababu ya utenzi wote, hajibu kitu.

Si kwamba bibi hatajwi. Katika mashairi ya miongo ya karibuni, magazetini na katika diwani, ametajwa mara nyingi, na anatajwa kwa namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni ya maombolezo: bibi amekwisha kufa, mjukuu amesimama juu ya kaburi, anajuta kwamba hakwenda kumwona. Namna ya pili ni ya sifa: bibi ni ghala, ni hazina, ni kisima cha hekima, na mshairi anawahimiza vijana wakachote kabla kisima hakijakauka. Namna zote mbili zina ukweli wake. Lakini zinafanana katika jambo moja ambalo mhakiki hana budi kulisema. Katika namna ya kwanza bibi hasemi kwa sababu ni maiti. Katika ya pili hasemi kwa sababu ghala halisemi. Amesifiwa beti kumi, na hakupewa hata ubeti mmoja wa kwake.

Ili kuona upungufu huu unagharimu nini, inafaa kuondoka pwani kidogo na kutazama mahali ambapo mkutano wa wazee na wajukuu bado ni tukio kubwa la mwaka, yaani Nyanda za Juu Kusini, katika nchi za Iringa na Mbeya. Inapofika Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam hujaa watu wanaorudi kwao. Safari ya Iringa inakaribia kilomita 500, na ya Mbeya inazidi 800. Gari hupanda milima ya Kitonga kwa kujikongoja, na wengine huenda kwa reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975. Wanafika wakati wa masika ya huko, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, na Tukuyu mvua ikinyesha kana kwamba haijui kukoma. Nyumba iliyokuwa na wazee wawili na mtoto mmoja wa kutumwa ghafla inakuwa na watu ishirini. Magodoro yanatandikwa sebuleni, kuku wanapungua, na jikoni moto hauzimwi.

Ziara hizi si za Krismasi peke yake. Kuna Pasaka, kuna ubatizo wa kitukuu, kuna komunyo ya kwanza, kuna jubilei ya ndoa ya wazee wenyewe, na zaidi ya yote kuna kipaimara, siku ambayo kijana anauthibitisha kwa kinywa chake mwenyewe ubatizo aliopewa akiwa mchanga. Msomaji wa visiwani atailewa siku hiyo vyema akiilinganisha na siku mtoto anapohitimu Kurani: ni siku ya mtoto, lakini wanaotoa machozi ni wazee. Aidha kuna koo ambazo ndani yake wamo Wakristo na Waislamu, hivi kwamba babu yule yule aliyekaa mstari wa mbele kanisani huonekana siku ya Idd kwa mwanawe mwingine akila pilau na kugawa sarafu kwa wajukuu. Hayo hayamshangazi mtu wa huko.

Kinachowashangaza wageni, na ambacho wenyeji wamekizoea mno hata hawakisemi, ni ukimya. Mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam anaingia ndani, anapiga goti na kusema shikamoo. Bibi anaitikia marahaba. Halafu bibi anaendelea kwa lugha aliyolelewa nayo, na mtoto anatabasamu, anamtazama mama yake ili amfasirie. Katika Uhehe na Ubena salamu ya mtu kwa mtu ni *kamwene*; katika Unyakyusa ni *ugonile*, na kwa heshima *mugonile*, neno linalouliza kama mtu amelala salama. Mtoto hujifunza neno hilo moja siku ya kwanza, watu wazima wakapiga makofi, na siku ya kuondoka bado ana neno hilo moja. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika skuli za msingi za Tanzania tangu miaka ya 1960. Kihehe na Kinyakyusa havifundishwi humo. Wazazi walioana kutoka makabila mbalimbali wakazungumza Kiswahili nyumbani, na hawakufanya kosa lolote. Lakini matokeo yake ni kwamba bibi anayeweza kusimulia mkesha mzima kwa lugha yake, mbele ya wajukuu zake anakuwa mtu wa maneno machache: njoo, kula, lala, nenda salama.

Hapa ndipo sifa za ghala na kisima zinapoanza kupwaya. Mshairi anawaambia vijana wakachote hekima kwa bibi, na ndoo ya kuchotea hawana. Zaidi ya hayo, anawaambia kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa bibi huyo ni ya mkutano wa kijiji, ya duka na ya hospitali. Shairi linalomsifu bibi wa Rungwe kwa Kiswahili sanifu tayari limemfasiri kabla ya kumsifu, na mara nyingi halikiri kwamba limefasiri. Hiyo ndiyo hitilafu kubwa ya mashairi haya, kubwa kuliko hitilafu za vina.

Kuna hitilafu ya pili inayohusu maudhui. Mashairi yetu yanamchukulia bibi kama mzazi aliyezeeka zaidi, ambaye kazi yake ni kuusia kama mzazi, ila kwa sauti ya chini. Mila za Nyanda za Juu hazikumwona hivyo. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1935 hadi 1938, alieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951 jinsi Wanyakyusa walivyojenga vijiji kwa marika: wavulana wa miaka kama kumi au kumi na mmoja walianza kujitenga na nyumba za baba zao na kujenga vibanda vyao, na rika hilo likaendelea kukaa pamoja hata utu uzimani. Sababu mojawapo ilikuwa heshima kali iliyotakiwa baina ya baba na mke wa mwanawe. Mke huyo alimkwepa baba mkwe, hakumtazama, wala jina lake hakulitamka. Vijiji hivyo vya marika havipo tena. Ila mantiki yake inafundisha. Baina ya kizazi na kizazi kinachokifuata ulijengwa ukuta wa adabu, na mwiko huo wa mkwe haukumfunga mjukuu.

Ndiyo maana uhusiano wa babu na mjukuu, huko bara na huku pwani, unakuwa wa utani. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na siku anapooa humlaki bibi harusi kama mke mwenza na kumwambia wazi kwamba hakupendezwa. Babu humposa mjukuu wa kike mbele ya wazazi wake, na mtoto humjibu kwamba hana meno. Watu wazima hucheka, na katika kicheko hicho husemwa mambo ambayo baba hawezi kumwambia mwanawe uso kwa uso: habari za mapenzi, za aibu, za kufa. Utani ndiyo lugha rasmi ya ngazi hii ya ukoo. Wasia ni wa mzazi. Mshairi anayempa bibi wasia peke yake amempokonya silaha yake, akamvisha kanzu ya mwanawe.

Lipo eneo moja ambapo wazee na wajukuu wa Mbeya na Iringa bado wanatamka maneno mengi pamoja, nalo ni wimbo wa ibada. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Waprotestanti wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Wakatoliki nao walijenga Tosamaganga, karibu na Iringa, karne ya 19 ikielekea ukingoni. Nyimbo zilifasiriwa katika lugha za wenyeji na baadaye zikaenea kwa Kiswahili. Moja ya vitabu vinavyotumika sana kinaitwa *Tenzi za Rohoni*, na jina hilo linapaswa kumvutia mpenzi wa ushairi wa pwani, kwa kuwa neno lake limetoka huku. Nyimbo zake si tenzi kwa arudhi tunayoijua, ile ya mizani minane na kina kimoja cha bahari kinachoufunga utenzi mzima. Mizani yake hufuata sauti za muziki wa ng'ambo. Lakini zina kazi ambayo tenzi zetu zilikuwa nayo tangu kale, yaani kukaririwa na watu wasiohitaji kufungua kitabu. Na kwa kuwa sauti ni moja, bibi anaweza kuimba kwa Kinyakyusa na mjukuu aliye ubavuni pake akaimba kwa Kiswahili, bila yeyote kumpotosha mwenzake. Huenda hawaelewani maneno, lakini wanapumua mahali pamoja na wanamaliza mstari pamoja. Ushairi wetu ulioandikwa haujafika hapo.

Iringa ina mfano mwingine ulio mzito zaidi, na fasihi ya Kiswahili imeupita karibu bila kuuona. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani. Kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, ulitaka fuvu hilo lirejeshwe, lakini miaka ilipita. Hatimaye Gavana Edward Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, na namna alivyolitambua inastahili kutajwa: alitenga mafuvu ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachagua lile lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, fuvu likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Chifu huyo alizaliwa mwaka 1920. Alikuwa mjukuu.

Fasihi imelishughulikia tukio la Mkwawa kwa heshima. M. M. Mulokozi aliandika tamthilia ya *Mukwava wa Uhehe*, iliyotoka mwaka 1979, na baadaye riwaya ya vijana ya *Ngome ya Mianzi*. Washairi nao wamemsifu shujaa kwa beti nyingi. Ni haki yake. Lakini shujaa wa taifa amemfunika babu wa mtu. Siku ile ya Juni ilikuwa sherehe ya serikali, na ilikuwa pia ziara ya kifamilia kuliko zote zinazoweza kufikiriwa. Babu alirudi nyumbani baada ya miaka 56, akatambuliwa kwa maumbile ya vichwa vya jamaa zake, na akapokelewa na mjukuu ambaye hakuwahi kusikia sauti yake. Mshairi atakayeuliza mjukuu alimwambia nini babu yake jioni ile, waheshimiwa walipokwisha kuondoka, atakuwa amefungua mlango ambao sifa za ushujaa hazijaufungua. Na atalazimika kukabiliana na ukweli kwamba babu huyu, kuliko mababu wote, hawezi kujibu.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba habari hii ni ya bara tu, eti huku wote ni Waswahili na bibi anaeleweka. Mtoto wa mjini Unguja anayepelekwa Makunduchi au Tumbatu siku za Idd hukuta bibi anayesema Kikae au Kitumbatu, na hakosi kukwama. Hupokea mkono wake wa Idi, hubusu mkono, hujibu naam kwa kila kitu, na njiani kurudi humwuliza baba yake bibi alikuwa akisema nini. Tofauti na hali ya Tukuyu ni ya kiasi tu. Tena huku kuna hatari ya ziada, kwa kuwa lahaja ya bibi inahesabiwa kuwa ni Kiswahili kibovu, na mtoto aliyesoma hudhani ni yeye anayepaswa kumsahihisha. Bibi wa Rungwe angalau hasahihishwi.

Dawa haiko mbali, na imo katika hazina yetu wenyewe. Pamoja na wasia, pwani ina majibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu, shairi kwa shairi, na wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wamefuata malumbano ya namna hiyo kwa miongo mingi. Umbo hilo linataka watu wawili walio hai, kila mmoja na ulimi wake, na linaruhusu dhihaka. Hakuna umbo linalofaa zaidi kwa bibi na mjukuu, na hakuna ambalo limetumiwa kwao kwa uhaba zaidi. Mathalani, beti mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mfano tu, wa kwanza ukiwa wa mjukuu na wa pili wa bibi:

Bibi nimekuja kwako, mvua yanifuata,
Salamu za nchi yako, ulimi umenisita,
Nifunze, sina kicheko, nisije tena kujuta,
Nijibu nikikuita, tupate kuelewana.

Mume wangu umechoka, kaa uote mekoni,
Ulimi ukianguka, haukatiki njiani,
Sema, nami nitacheka, nawe ucheke moyoni,
Kucheka kwetu nyumbani, ni nusu ya kuitana.

Beti hizi si za kujivunia, lakini zinaonyesha jambo. Ubeti wa kwanza, ukiachwa peke yake, ungekuwa shairi lile lile la majuto tulilolizoea. Ubeti wa pili unaubadilisha. Bibi hakubali kuwa mwalimu wala kisima. Mtoto aliyesema hana kicheko anaambiwa kwamba bila kicheko hajafika. Tena bibi anamwita mume wangu, naye kwa neno hilo moja amekwisha kumweka mahali pake katika ukoo, jambo ambalo wasia wa beti mia usingelifanya kwa wepesi huo.

Hata hivyo mfano huu nao una kosa lile lile lililolaumiwa hapo juu, na haifai kulificha. Bibi wa Tukuyu hasemi hivyo. Hapangi vina, na pengine neno *mekoni* si lake kabisa. Amepewa Kiswahili cha pwani na mtu asiyemwomba ruhusa. Mshairi atakayeshika kazi hii kwa dhati itambidi aamue la kufanya na lugha ya bibi. Anaweza kuyaacha maneno yake machache kama yalivyo, bila maelezo, ili msomaji wa Unguja au Mombasa akwame pale pale mjukuu anapokwama. Anaweza kuupunguza ubeti wa bibi mizani kwa makusudi, ili ukosefu wa ufasaha usikike. Wenye kushikilia arudhi watanung'unika, na wana sababu. Lakini ubeti unaopungukiwa kwa kuwa msemaji wake amepungukiwa una uaminifu ambao ubeti uliotimia hauwezi kuupata, na hakika mshairi aliyebobea atapata njia ya kuheshimu vyote viwili.

Jambo lenyewe lina haraka. Wazee waliozaliwa kabla ya Uhuru, ambao Kihehe, Kibena na Kinyakyusa kwao vilikuwa ndiyo dunia nzima, wanazidi kupungua kila Krismasi. Wajukuu zao wanaimba kwaya vizuri, wanapiga picha nyingi, na wanawapenda bila shaka yoyote. Watakapotaka kuwatungia shairi watakuta mifano miwili mikononi mwao, maombolezo na sifa, na yote miwili itawafundisha kusema juu ya bibi. Ushairi wa pwani ndio unaosomwa nchi nzima kama kigezo, na kwa hiyo ndio wenye wajibu wa kuwapa mfano wa tatu, wa kusema naye, wakati yeye bado ameketi pale jikoni na anaweza kusema kwamba hivyo sivyo alivyosema.